Kwa Dunga au kwa Bungi?

Kila Shaaban inapoanza kuyoyoma, nyumba nyingi za Unguja huingia katika mjadala mmoja: vunjajungu la mwaka huu likafanyiwe wapi, na waendao wapite njia ipi. Kwetu suala la kwanza halina ubishi. Tuna jamaa Michamvi, na huko ndiko tunakopeleka masufuria yetu, mikeka yetu na watoto wetu. Ubishi uko kwenye suala la pili. Vijana huitaka barabara kuu: Tunguu, Bungi, Jozani, Paje, kisha kushika kaskazini kupitia Bwejuu na Dongwe mpaka ncha ya rasi. Ni lami, na gari hukushusha mlangoni. Mjomba wangu, ambaye umri wake umemruhusu kusema alitakalo, hushikilia njia ya Dunga, yaani Mwera, Dunga, mpaka Chwaka, kiasi cha kilomita 32 kutoka mjini, kisha kuivuka ghuba kwa mashua hadi Michamvi Kae. Akiulizwa kwa nini ataabike na mashua ilhali gari lipo, hujibu kuwa njia ya Dunga ndiyo yenye mandhari, na kwamba mtu aendaye baharini hana budi kufika kwa bahari.

Kwa miaka mingi nilidhani huu ni mzaha wa ukoo. Baadaye nilianza kuzisoma njia hizi mbili kama mtu asomavyo tarehe, na nikaona kuwa wazee wetu hawakugombania mandhari peke yake.

Mwenye kutoka mjini kwenda mashariki, apite Dunga au apite Bungi, huiona ardhi ikibadilika chini ya magurudumu. Kwanza ni udongo mzito, wenye minazi, miembe na mabaki ya mikarafuu; kisha, bila ya kupigiwa mbiu, udongo huisha na mawe hujitokeza, vichaka vikawa vifupi na mashamba yakawa madogo yenye kuta za mawe yaliyopangwa kwa mkono. Hayo ni maweni. Mpaka huo uliwekwa na Mola, lakini nani akae upande upi uliamuliwa na wanaadamu. Seyyid Said bin Sultan alipohamishia makao yake Unguja na kilimo cha karafuu kikapamba moto katika karne ya kumi na tisa, ardhi nzuri ya magharibi na ya katikati ilitwaliwa kwa mashamba makubwa, na Wahadimu wengi wakabakia na maweni ya mashariki na kusini. Kwa hivyo yule aendaye pwani ya mashariki kupunga upepo anapita, apende asipende, katika njia waliyosukumwa watu.

Dunga ipo karibu na mpaka huo, na nadhani haikuwekwa hapo kwa bahati. Mwinyi Mkuu Muhammad bin Ahmed, mtawala wa Wahadimu, alijenga kasri yake hapo baina ya mwaka 1846 na 1856. Mwaka huo wa mwisho ndio aliofariki Seyyid Said akiwa baharini, njiani akirejea kutoka Oman. Tazama basi hali ilivyokuwa: Sultani ana forodha, ana majahazi na ana balozi za mataifa mlangoni, Mwinyi Mkuu ana kasri katikati ya kisiwa, ana ngoma mbili za kuchongwa na siwa, na ana kazi ya kuwatoza watu wake kodi ambayo sehemu yake kubwa haibaki kwake. Muhammad alifariki mwaka 1865. Mwanawe Ahmed alimfuata mwaka 1873, na hakukuwa na Mwinyi Mkuu tena baada yake. Ni mwaka ule ule Seyyid Barghash alipotia saini mkataba wa kulifunga soko la watumwa la mjini. Milango miwili ilifungwa kwa mwaka mmoja, na skulini tulisomeshwa mmoja tu.

Magofu ya Dunga yapo kando ya barabara, na mjomba hakubali gari lipite hapo bila ya kupunguza mwendo. Hapo ndipo anapofunguka. Husimulia habari za ngoma ambazo husemwa zililia zenyewe palipokuwa na khatari, za siwa ambazo hazikupulizwa ila kwa jambo kubwa, na za kisima ambacho ndani yake ilikutwa mifupa ya watu. Kisa cha damu iliyochanganywa na chokaa ya kuta hukisimulia pia, lakini kwa sauti ya chini, maana damu hiyo, kwa mujibu wa masimulizi, ilikuwa ya watumwa, na hilo linaiharibu kidogo fakhari ya hadithi. Nimesikia habari za Dunga kutoka kwake pengine mara arubaini. Habari za Bungi sikuwahi kuzisikia kwake hata mara moja.

Na hili ndilo lililonishangaza, kwani ukiuliza watu mia moja ni wapi Unguja pana barabara nzuri ya kupita kwa gari, wengi watakutajia Bungi. Miembe mikubwa imesimama safu mbili, kulia na kushoto, matawi yamekutana juu, na jua la saa saba huko chini huwa kama la magharibi. Barabara kuu, ile ya wenye haraka, inapita ndani yake. Kwa hiyo hoja ya mjomba kwamba njia ya Dunga ndiyo ya mandhari haikuwa na miguu tangu mwanzo.

Miembe hiyo hunasibishwa na Bibi Khole, binti wa Seyyid Said, ambaye magofu ya nyumba yake ya shamba yapo karibu na hapo. Ni yule yule Khole ambaye nduguye, Bibi Salme, amemtaja kwa mapenzi makubwa katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886. Mabibi hawa hawakuwa watu wa kukaa pembeni. Mwaka 1859, Barghash alipotaka kumpindua ndugu yake Majid, dada zake walikuwamo katika njama hiyo, na ndio waliomtoa nyumbani usiku, akiwa amevishwa mavazi ya kike, kumpeleka kwa wafuasi wake waliokuwa wakimngoja. Alikimbilia shamba la Marseilles, upande wa Machui. Waingereza walimsaidia Majid, shamba likapigwa, na Barghash akapelekwa Bombay. Njia za mashamba, basi, hazikuwa za kwendea starehe tu. Mabwana walizipita juu ya punda weupe waliopambwa, na watumwa mbele yao wakikimbia kwa miguu. Na wakati wa fitina walizipita gizani.

Masimulizi ya mitaani husema kuwa Bibi Khole aliipanda miembe ile ili apate kivuli, na wengine huongeza visa vya kuchekesha kuhusu vijana wazuri aliowasimamisha baina ya mti na mti. Visa hivi hupendwa na wageni, na wenye kuwatembeza huvipamba. Mimi navisikiliza kwa uzito moyoni. Hakuna bibi aliyechimba mashimo yale kwa mkono wake, wala aliyebeba maji ya kumwagilia miche katika kiangazi. Neno "alipanda" limewafunika watu wengi.

Mbele ya Bungi ni Jozani, nako nitapita upesi kuliko yapitavyo magari. Lami ilipofika huko katika miaka ya tisini, kima punju, ambao hawapatikani porini popote duniani isipokuwa katika visiwa vyetu, walianza kugongwa kwa wingi. Yakawekwa matuta, na vifo vikapungua. Msitu ule umekuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 2004, pamoja na mikoko ya ghuba ya Chwaka. Kwa hivyo hata wanaobishana kama sisi hukutana katika hifadhi moja, mmoja kwa lami na mwengine kwa maji.

Mwaka jana tulipatana kwa kugawana. Masufuria na vijana walipita Bungi. Mimi nilipewa kazi ya kumsindikiza mjomba kwa Dunga. Tulikawia magofuni, tukakawia tena Chwaka kununua samaki, na tulipopanda mashua maji yalikuwa yameshaanza kutoka. Ghuba ya Chwaka haina subira na wazembe: ni pana, lakini kina chake ni kidogo, na maji yakitoka huacha matope na fungu za mchanga mahali ulipodhani pana bahari. Tulikwama tukiiona Michamvi. Nahodha akashusha nanga, akajifunika kofia usoni akalala. Akina mama waliokuwa katika mwani, kazi iliyoanza pwani hii mwaka 1989, walitupita kwa miguu wakitucheka.

Nikamwambia mjomba, kwa ghadhabu kidogo, kwamba wenzetu waliopita kwenye miembe wanakula sasa. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema kwamba bibi yake, aliyemlea, alizaliwa katika shamba la upande ule, kabla ya mwaka 1897, na hakuzaliwa mwana wa mwenye shamba. Mama wa bibi huyo alikuwa miongoni mwa watu wa jembe. Bibi alipokuwa mtu mzima, utumwa ukiwa umeshakatazwa kwa dikrii, alihamia Dunga, akaolewa huko, na toka siku hiyo nasaba yetu ikaanza Dunga. Hakuwahi kurudi Bungi. Alipolazimika kwenda kusini alizunguka.

"Mwanangu," akanambia, "mimi nimekatazwa njia ile na mtu aliyenilisha. Sikuambiwa nisiwaambie sababu. Lakini nanyi hamkuniuliza. Mliniuliza habari za mandhari."

Mama yangu, dada yake, alifariki bila ya kunigusia hilo. Nilipomwuliza mjomba kama mama alijua, alitazama upande wa mikoko akasema maji yanarudi. Na kweli yalikuwa yanarudi, kwa upole, yakijaza nyayo za wale akina mama. Tulifika Michamvi alasiri. Pilau ilikuwa imepoa, na vijana walitucheka mpaka magharibi. Sikuwaambia kitu, na kutoka siku hiyo sijapita chini ya miembe ile bila ya kupunguza mwendo kama mjomba afanyavyo Dunga.

Mwaka huu mjadala umefunguliwa tena. Vijana wamesema Bungi, mjomba amesema Dunga. Safari hii sikubisha. Nimemwuliza tu maji yanajaa saa ngapi Chwaka.