Uprogramu wa Vikokotoo

Mwandishi wa programu aliyekaa na Java au C# kwa miaka, akianza kujifunza mtindo ambao kwa Kiingereza huitwa functional programming, hukwama mahali ambapo hakutegemea. Alama mpya za uandishi hazimsumbui sana, hizo huzoeleka. Kinachomsumbua ni swali ambalo amelizoea mno kiasi kwamba halioni tena kuwa ni swali: hili jambo analifanya nani? Katika uprogramu wa vitu, yaani mtindo wa Java na C#, hapo ndipo kazi inapoanzia. Unatafuta wahusika, unawapa majina, unawatunzia hali zao, kisha unawagawia majukumu. Ndivyo ulivyozaliwa. Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard walipotengeneza Simula nchini Norwe katika miaka ya 1960, shabaha yao ilikuwa kuigiza ndani ya kompyuta mambo yanayotokea duniani, kama foleni, na uigizaji hauwezekani bila waigizaji. Mtindo ule mwingine una asili tofauti kabisa. Unatokana na hisabati ya Alonzo Church ya miaka ya 1930, ukaingia kwenye kompyuta kupitia Lisp ya John McCarthy mwaka 1958, na swali lake ni hili: kipi kinatokana na kipi? Mtu anayetoka upande wa kwanza kwenda wa pili anahitaji neno litakalomtoa kwenye swali la nani. Maneno ya Kiswahili yanayotumika sasa yanamrudisha palepale.

Tuyaangalie. Lipo kundi linalosema uprogramu wa kikazi. Hili ni kosa la wazi, kwa sababu programu gani isiyofanya kazi? Hata hivyo kosa hilo lina historia ya kuheshimika. Leibniz alipoanza kulitumia neno function katika hisabati mwishoni mwa karne ya 17, alilichukua kwenye Kilatini, ambako maana yake ilikuwa utekelezaji wa jambo. Hisabati ikaendelea kulisafisha mpaka Dirichlet, mwaka 1837, akalielezea kama uhusiano ambao kila thamani inayoingia ina thamani moja tu inayotoka, bila kujali kama kuna fomula ya kuifikia. Maana ya kazi ilikwisha kufa zamani. Anayesema kikazi anatafsiri asili ya neno badala ya neno lenyewe. Kundi la pili linasema kitendakazi. Neno hili limejengwa vizuri, linatamkika, na mtu akilisikia anaona mara moja kitu kinachotenda. Hapo ndipo ubaya wake ulipo. Kutenda ndiko hasa tunakotaka mwanafunzi akuache. Kundi la tatu limeamua kusema fankisheni na kuendelea na safari zao. Siwalaumu, ila neno hilo halimfundishi chochote mtu ambaye hajui tayari.

Wakati huohuo Watanzania wengi ambao hawajawahi kuandika mstari mmoja wa programu wanalo neno linalobeba maana ileile ya Dirichlet, nao wamelijadili kwa sauti kubwa tangu mwaka 2018. Neno hilo ni kikokotoo. Zamani lilikuwa jina la mashine ndogo ya hesabu. Mifuko ya hifadhi ya jamii ilipounganishwa mwaka huo, na watumishi wa umma wakawekwa chini ya mfuko mmoja, PSSSF, kanuni mpya ya mafao ikaja na malipo ya mkupuo ya asilimia 25. Malalamiko yalikuwa makubwa kiasi kwamba tarehe 28 Desemba 2018 Rais Magufuli aliisimamisha. Kuanzia Julai 1, 2022 kikaja kikokotoo kingine cha asilimia 33, na bajeti ya mwaka 2024 ikapandisha asilimia hiyo kuwa 40 kwa waliokuwa wakilipwa 50 hapo awali, na 35 kwa waliokuwa wakilipwa 25. Katika miaka hiyo yote hakuna mwalimu wa Makete wala nesi wa Tukuyu aliyesikia kikokotoo akadhani ni mashine ya mezani. Walijua ni kanuni: unaingiza miezi ya utumishi na wastani wa mshahara, inatoka pesa.

Kanuni ya mwaka 2022 ilikuwa hivi. Chukua miezi ya utumishi, gawa kwa 580, zidisha kwa wastani wa mshahara wa mwaka, zidisha tena kwa 12.5, kisha chukua asilimia 33. Tuseme mtumishi ana miezi 420, yaani miaka 35, na wastani wa shilingi 12,000,000 kwa mwaka. Mkupuo wake unakuwa chini kidogo ya milioni 36. Kwa kanuni ya zamani ya waliokuwa katika mifuko ya PSPF na LAPF, iliyogawa kwa 540, ikazidisha kwa 15.5 na kuchukua nusu, mtu huyohuyo angepata zaidi ya milioni 72. (Pensheni yake ya kila mwezi, kwa haki ya mjadala, ilipanda, kwa kuwa sehemu iliyobaki ya kulipwa kidogokidogo ilikuwa kubwa zaidi.) Sasa tazama namna watu walivyolizungumzia jambo hili. Walisema kikokotoo kimebadilishwa. Hawakusema kwamba kikokotoo kilekile leo kimetoa milioni 72 na kesho milioni 36. Kila mtu alichukulia kwamba ukikipa kikokotoo tarakimu zilezile kitatoa jibu lilelile, leo, kesho, kiendeshwe Iringa au Dodoma, na kwamba jibu likitofautiana basi kuna mtu ametuletea kikokotoo kingine. Mwandishi wa Haskell, lugha ya functional programming, hana imani nyingine zaidi ya hiyo. Sifa hiyo, ambayo vitabu vyake huipa jina zito na kurasa nyingi, mstaafu anaidai kama haki yake.

Sifa ya pili ni kwamba kikokotoo hakina mwenyewe. Mtu aliyelelewa na Java, akipewa kazi ya mafao, ataunda klasi iitwayo Mstaafu na ndani yake aweke mbinu ya kukokotoa mkupuo, kana kwamba mstaafu ndiye anayejikokotolea. Katika maneno ya watu kikokotoo kiko peke yake. Wastaafu wanapita ndani yake. Ya tatu, ambayo kwa kawaida huwatoa jasho wanafunzi, ni kwamba kikokotoo kinaweza kuzaliwa na kikokotoo kingine. Kanuni ya 2022 na marekebisho ya 2024 yanaweza kuandikwa kama kanuni moja inayopokea asilimia: ukiipa 33 inakurudishia kikokotoo kamili, ukiipa 40 inakurudishia kingine, na hivyo viwili ndivyo vinavyosubiri miezi na mshahara wa mtu. Aliyefuatilia taarifa ya habari wakati wa bajeti ameshaelewa wazo hili. Hajui tu kwamba lina sura nzima kwenye kitabu cha Haskell.

Tulipeleke neno hili kwenye programu yenyewe. Kakao ya Kyela, wilaya ya Mkoa wa Mbeya iliyo kando ya Ziwa Nyasa, huuzwa kupitia vyama vya msingi vya ushirika kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, na bei hupatikana mnadani. Tuseme chama kimoja kinatafuta programu ya kujua mkulima anadai kiasi gani. Mwandishi wa vitu ataunda Mkulima mwenye salio, na kila mzigo ukiuzwa salio litaongezwa. Mkulima ana kilo 120, bei imeingizwa 8,000, makato ni 500 kwa kilo: salio linakuwa 900,000. Wiki moja baadaye inagundulika bei ya mnada ilikuwa 8,200. Karani atalazimika kuongeza 24,000 juu ya salio, na endapo katikati hapo kulikuwa na mzigo mwingine, au marekebisho mengine, atahitaji kukumbuka nini kilitangulia nini. Salio limemeza historia yake. Mwandishi wa vikokotoo hatunzi salio popote. Anatunza orodha ya stakabadhi, ambazo zikishaandikwa hazifutwi, na kikokotoo kiitwacho malipo kinachopokea kilo, bei na makato. Bei ikirekebishwa, anaongeza stakabadhi ya marekebisho na kukokotoa upya orodha nzima: 984,000 toa 60,000, jibu 924,000. Anayetaka kujua kwa nini wiki iliyopita lilikuwa 900,000 anakipa kikokotoo orodha ya wiki iliyopita. Mhasibu yeyote aliyefundishwa kutofuta kwenye daftari atashangaa kwamba jambo hili linahitaji jina.

Ni kweli pesa lazima ilipwe mwishowe, na kulipa ni kutenda. Hapa ndipo kitendakazi kinapopata nafasi yake halali. Pendekezo langu ni kuyagawa maneno haya mawili badala ya kuyagombanisha. Kikokotoo kiwe jina la kipande cha programu kinachopokea na kutoa bila kugusa kitu chochote nje yake. Kitendakazi kiwe kile kinachogusa: kinachotuma pesa kwenye simu, kinachoandika kwenye hifadhidata, kinachochapa risiti. Kiingereza kimezoea kuyachanganya yote mawili chini ya neno moja, kisha kulazimika kuongeza kivumishi cha usafi kila kinapotaka kutofautisha. Hatuna sababu ya kurithi mkanganyiko huo. Chini ya mgawanyo huu, uprogramu wa vikokotoo ni ule unaojitahidi kufanya sehemu kubwa ya programu iwe vikokotoo, na kuvisukuma vitendakazi pembezoni ambako ni vichache na vinaonekana.

Pingamizi la kwanza litakuwa kwamba kukokotoa ni kwa tarakimu, ilhali nusu ya programu zetu hushughulika na majina, orodha na maandishi. Pingamizi hili lina uzito, na sidai kwamba neno litakaa vizuri siku ya kwanza mtu atakaposema kikokotoo kinachopanga majina ya wanachama kwa alfabeti. Ila maneno hupanuka yanapotumiwa. Neno kodi lilikuwa mali ya mwenye nyumba na mamlaka ya mapato, TRA, leo vijana wanaandika kodi usiku kucha na hakuna anayewadhania kuwa watoza ushuru. Wengine watasema neno lina machungu, kwamba kwa mtumishi wa umma kikokotoo ni jina la hasara. Machungu hayo ni ushahidi kwamba neno limeeleweka mpaka ndani. Istilahi nyingi zinazotungwa mezani zingefurahi kuchukiwa kiasi hicho.

Pingamizi zito zaidi linahusu faida. Kozi za kompyuta katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, Chuo Kikuu cha Iringa na Chuo Kikuu Katoliki cha Ruaha hufundishwa kwa Kiingereza, na mwajiri anatafuta mtu wa Java, PHP au Python, si wa Haskell. Kwa nini basi kuhangaika na neno? Kuhusu ajira, mipaka kati ya mitindo hii miwili imekwisha kuvunjika. Java 8, iliyotoka Machi 2014, ilileta uandishi wa aina hii ndani ya Java yenyewe. Python na JavaScript nazo zinao. Na mitambo ya WhatsApp, inayobeba maongezi ya nusu ya Uyole na Mafinga, imeandikwa kwa Erlang, lugha ya mtindo huu iliyozaliwa Ericsson, Uswidi, mwaka 1986. Anayekataa kujifunza vikokotoo anakutana navyo kazini hata hivyo, bila jina. Kuhusu lugha, mihadhara ni ya Kiingereza lakini mabishano ya maabara na ya kibandani ni ya Kiswahili, na huko ndiko mtu anakoelewa au anakodanganyika kwamba ameelewa. Isitoshe, mwanafunzi wa sekondari hukutana na mada ya function katika hisabati ya kidato cha tatu, mara baada ya mahusiano, akitoka mara nyingi shule ya msingi ambako hesabu zote alisoma kwa Kiswahili. Mwalimu anayeandaliwa katika chuo cha Mkwawa leo ndiye atakayemfundisha. Kwamba istilahi za kompyuta zinaweza kutungwa nchini na kutumika kwenye programu halisi, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishaonyesha mwaka 2004 kilipotoa Jambo OpenOffice.

Neno hili halihitaji kusubiri kamati. Baraza la Kiswahili litalipitisha au kulikataa kwa wakati wake, na likilikataa kwa hoja nzuri zaidi ya zangu, sawa. Kwa sasa ningewaomba walimu wa programu wa Mbeya na Iringa kitu kimoja. Siku ya kwanza ya somo hili, kabla ya mishale na mabano, andikeni ubaoni 580, 12.5 na 33, na muwaulize wanafunzi kikokotoo hicho ni cha nani.