Yampasayo kuyajua anayejifunza kutelezesha gari

Mchezo wa kutelezesha gari kwenye kona, maarufu kama drifti, una mashabiki wengi miongoni mwa vijana, na si wachache walioufahamu kupitia filamu ya The Fast and the Furious: Tokyo Drift iliyotolewa mwaka 2006. Hata hivyo, dereva anayeiga aliyoyaona sinemani, tena katika barabara ya umma, huhatarisha maisha yake na ya watu ambao hawakuomba kuwa watazamaji.

Asili ya mchezo huu ni Japani. Kunimitsu Takahashi, ambaye mwaka 1961 alikuwa Mjapani wa kwanza kushinda mkondo wa mashindano ya dunia ya pikipiki, baadaye aliingilia mbio za magari na katika miaka ya 1970 akasifika kwa kuzikabili kona kwa kasi huku matairi ya nyuma yakiserereka. Keiichi Tsuchiya alivutiwa na mtindo huo, akaufanyia mazoezi katika barabara za milimani, na video aliyoshiriki mwaka 1987 ikaueneza. Nchini Marekani, msimu wa kwanza wa Formula Drift ulifanyika mwaka 2004. Katika mashindano hayo mshindi si lazima awe aliyetangulia kufika, kwani waamuzi hutazama njia iliyofuatwa, pembe ya gari na umahiri wa dereva.

Drifti hutokea pale matairi ya nyuma yanapopoteza mshiko kwa nguvu za injini, ilhali ya mbele yanaendelea kuliongoza gari. Kwa sababu hiyo, gari linalofaa ni lile linalosukumwa na magurudumu ya nyuma. Toyota Vitz, ambayo huvutwa na magurudumu ya mbele, inaweza kuburuta mkia wake breki ya mkono ikivutwa, lakini haiwezi kuudumisha mtelezo huo.

Magari yanayoenziwa na wachezaji, kama vile Nissan Silvia na Toyota AE86, ni ya miaka ya 1980 na 1990, nayo Kenya hairuhusu kuagizwa kwa magari yaliyotumika yenye umri wa zaidi ya miaka minane. Si ajabu basi kwamba macho ya vijana wetu huelekea kwa Toyota Mark X. Gari hilo lina nguvu na husukumwa kwa nyuma, lakini mengi yake ni ya gia za otomatiki na breki ya kuegesha hukanyagwa kwa mguu. Anayeanza atajifunza vyema zaidi kwa gari dogo la gia za mkono, hata likiwa na nguvu kidogo.

Isitoshe, difu ya kawaida humkwamisha mwanafunzi. Gurudumu moja la nyuma likikosa mshiko huzunguka bure, na mwenzake hupokea nguvu haba. Wachezaji hutumia difu inayoyalazimisha yote mawili kuzunguka pamoja.

Zoezi la kwanza hufanyiwa uwanja mpana uliofungwa, usio na nguzo wala kingo za barabara, kwa ruhusa ya mwenyewe. Lami iliyomwagiwa maji hufaa zaidi kwani mtelezo huanza kwa kasi ndogo na matairi hayaliki upesi. Mwanafunzi huzunguka kigingi kimoja kwa gia ya kwanza, kisha hukanyaga klachi, huongeza mafuta na kuiachia klachi ghafla. Mkia ukitoka, huuacha usukani ujirudishe kuelekea upande ambao gari linateleza, huku akitazama anakotaka kwenda. Macho yakiganda kwenye kigingi, mikono nayo hulipeleka gari huko huko.

Kosa linaloogopwa zaidi ni kuondoa mguu kwenye mafuta kwa ghafla baada ya kutishika. Matairi ya nyuma hurejelewa na mshiko mara moja, na gari hurushwa upande wa pili kwa nguvu kuliko mwanzo. Huko ndiko mara nyingi watazamaji husimama wakidhani wako salama. Mafuta yapunguzwe taratibu. Gari likishindikana kabisa, klachi na breki zikanyagwe pamoja hadi lisimame.

Akishaumudu mduara pande zote mbili, mwanafunzi huweka vigingi viwili na kuchora umbo la nane, zoezi gumu kwa kuwa uzito wa gari huhamia upande wa pili katikati ya mtelezo. Kona ya gia ya pili kwa breki ya mkono huja baadaye. Klachi hukanyagwa kabla breki haijavutwa, nayo breki huvutwa kwa mpigo mfupi.

Mkanda na kofia ngumu ni vya lazima, na vitu vyote vilivyolegea hutolewa garini. Kabla ya kurudi barabarani, nati za magurudumu hukazwa upya na matairi ya nyuma kukaguliwa. Yaliyolika hadi nyuzi kuonekana hubadilishwa papo hapo uwanjani.