Kuvu katika Picha za Wazee

Bwana Storms alipojenga kituo cha Mpala mwaka 1883, na Mapadri Weupe walipokipokea mwaka 1885, ufundi wa picha ulikuwa umekwisha kugeuka. Mwaka 1871 mganga Mwingereza, Richard Maddox, alionyesha namna ya kupaka kioo jelatini, yaani ute wa mifupa na ngozi za wanyama uliochemshwa. Tangu hapo vioo vikavu viliweza kuchukuliwa safarini. Filamu zilizofuata, hata slaidi za rangi za Kodachrome za mwaka 1936, zilishika jelatini ileile.

Basi tuelewe vema: sura ya mtu katika picha hizo imeshikwa na kitu kinacholika. Sisi twakaa karibu na ziwa. Majira ya mvua yakifika, kabati hujaa unyevu, na kuvu hupata chakula.

Hapa ndipo wengi huharibu, kwa nia njema kabisa. Huchukua maji na sabuni. Lakini jelatini iliyotafunwa na kuvu huyeyuka majini. Uchafu utatoka, na uso wa mtu utatoka pamoja nao. Hapa kwetu Kirungu, zamani Baudouinville, Stefano Kaoze alipewa upadri tarehe 21 Julai 1917, wa kwanza kati ya Wakongo. Mashahidi wa siku zile wamekwisha kufariki. Picha ya miaka hiyo ikifutika, tutamwuliza nani aliyesimama wapi?

Kwanza tuikaushe slaidi mahali pakavu penye hewa, mbali na jua, kwa maana jua hufifisha rangi. Tuondoe vumbi kwa kipira cha kupulizia, si kwa kinywa chenye mate, kisha kwa brashi laini sana. Kuvu ikibaki, tutumie pamba yenye alkoholi ya isopropili ya asilimia 98 au zaidi, tukijaribu pembeni kwanza. Ile ya kuoshea vidonda mara nyingi ina maji mengi, haifai. Jelatini ikiwa imebanduka, tuiache.

Filamu za zamani za nitrati tuziogope kweli: huwaka hata chini ya maji, kwa kuwa hujitolea oksijeni zenyewe. Tusizisogeze karibu na taa wala jiko. Na vioo vilivyotiwa rangi kwa mkono visiguswe na alkoholi. Upande wa rangi tusiufute kamwe.