Mji Uliozibwa Mdomo

Kipande kilikuwa karatasi iliyokunjwa na kutiwa ndani ya kikasha cha bati, kikasha kikafungwa kamba na kuvaliwa shingoni. Karatasi hiyo ilibeba jina la mwenyewe, alama za vidole vyake, jina la tajiri aliyemwajiri, ujira wake, na siku aliyoingia na kutoka kazini. Katika Kenya ya walowezi, tangu sheria yake ilipoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 hakuwa na ruhusa ya kutembea bila kikasha hicho. Tajiri asipotia saini ya kumwachia, mfanyakazi hakuweza kuajiriwa kwingine kihalali, na akiondoka bila saini alisakwa kama mhalifu. Wako waliokifananisha kipande na kengele anayofungwa mbuzi. Anayetaka kujua kwa nini umati ulifurika mbele ya kituo cha polisi cha Nairobi tarehe 16 Machi 1922, na kwa nini siku hiyo iliishia kwa maiti, na aanze na kikasha hicho cha bati, ila asiishie hapo.

Asiishie hapo kwa sababu shida peke yake haielezi ghasia. Shida za miaka ile zilikuwa nyingi. Maelfu kwa maelfu ya wapagazi walikuwa wamefia vitani wakibebea jeshi la Waingereza mizigo, na mtaa wa Kariokor wa Nairobi mpaka leo unabeba jina la kikosi chao. Homa kubwa ya 1918 ikafuata, kisha njaa. Kodi ya kibanda na ya kichwa ilikuwa imepandishwa mpaka ikafika kiasi cha shilingi 16. Kahawa ilipoanguka bei, walowezi waliafikiana mwaka 1921 kupunguza ujira wa Waafrika kwa theluthi moja, yaani kodi ilipanda huku pato likishuka. Machifu nao walikuwa wakiwatoa wanawake na wasichana kwa nguvu waende kufanya kazi katika mashamba ya kahawa. Lakini haya yote yalikuwa ya nchi nzima. Kodi ililipwa Nyanza na Ukambani pia, kipande kilivaliwa kila mahali, na watu wengi mno katika historia ya dunia wamekaa na njaa na madeni bila kuinua hata jiwe moja. Lililo la kuulizwa ni kwa nini Nairobi, na kwa nini siku ile ya Alhamisi.

Jibu langu ni kwamba mji hulipuka pale msemaji wake anapoondolewa mbele ya macho yake. Msemaji wa Nairobi alikuwa Harry Thuku, kijana wa Kiambu aliyekuwa akipokea na kuunganisha simu katika ofisi ya Hazina ya serikali. Mwaka 1921 aliongoza chama cha vijana wa Kikuyu, na muda mfupi baadaye akakipanua kikawa chama cha Afrika Mashariki ili kiwachukue watu wa makabila yote yaliyokutana mjini. Tukitazama alichokifanya mpaka siku ya kukamatwa kwake, tunaona kazi ya karatasi na mikutano ya hadhara. Alipeleka malalamiko kwa njia ya simu ya maandishi mpaka London. Alitoa karatasi ya habari kwa Kiswahili, jina lake Tangazo. Alihutubia mikutano juu ya ujira, kodi, kipande na wasichana wanaochukuliwa kwa nguvu. Neno kali kuliko yote lililosimuliwa juu yake ni lile la kuwashauri watu wavikusanye vipande vyao wakavitupe nyumbani kwa Gavana. Hata hilo, ukilipima, ni wito wa kurudisha karatasi kwa aliyezitoa. Machifu waliotajwa katika mikutano hiyo wakamshtaki kwa serikali, na tarehe 14 Machi 1922 akakamatwa ili ahamishwe.

Watumishi wa majumbani, wapishi, madereva na vibarua wakaacha kazi. Watu wakakusanyika penye kituo alikofungiwa. Tarehe 16 ujumbe wa viongozi ukaenda kuonana na Bowring, aliyekuwa Katibu wa Koloni, ukarudi na jibu kwamba Thuku hatatolewa, na wakawataka watu watawanyike. Baadhi walianza kuondoka. Hapo ndipo mwanamke aitwaye Muthoni Nyanjiru aliposimama mbele ya wanaume akainua nguo yake, akawaambia viongozi wachukue gauni lake wampe yeye suruali zao. Kwa desturi za Wakikuyu hiyo si kejeli tu, ni laana nzito ambayo mwanamke hutumia pale anapoona wanaume wameshindwa kulinda heshima ya watu. Wanawake wengine wakapiga vigelegele, umati ukasogea kwenye singe za askari, na risasi zikalia. Mashahidi wengi walisimulia kwamba walowezi waliokuwa kwenye baraza ya hoteli ya Norfolk nao walifyatua bunduki zao. Muthoni alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuanguka. Serikali ilihesabu maiti 21. Waafrika waliokuwapo walitaja idadi kubwa zaidi ya hiyo.

Serikali ilieleza mambo kwa neno ambalo kila serikali hulipenda: uchochezi. Hoja hii inastahili kujibiwa kwa makini kwa sababu ina punje ya ukweli ndani yake. Ni kweli kwamba umati hauamki wenyewe, kuna anayesema, kuna anayeita watu, na kuna wanaojipenyeza kwa ajili ya kupora. Lakini kama mchochezi ndiye chanzo, basi akiondolewa, utulivu ungerudi. Nairobi ilionyesha kinyume chake. Katika miezi yote Thuku alipokuwa huru akihutubia maelfu, haikutokea siku ya damu. Damu ilimwagika yeye akiwa ndani ya seli, hana uwezo wa kumwambia mtu hata neno moja. Na wale viongozi waliowasihi watu warudi nyumbani walishindwa kwa sababu walirudi mikono mitupu. Walikwenda kuomba, wakapewa amri ya kuipeleka kwa wenzao. Tangu dakika ile hawakuwa tena wasemaji wa watu mbele ya serikali. Walikuwa wamegeuzwa wajumbe wa serikali mbele ya watu, na Muthoni aliliona hilo kabla ya wengine wote.

Mambo ya Léopoldville, mji wa Kongo ya Wabelgiji ambao leo ni Kinshasa, yanathibitisha jambo hili kwa namna ya kuhuzunisha zaidi. Mwisho wa miaka ya 1950 mji huo ulikuwa umejaa vijana waliovutwa na kazi za baada ya vita, kisha uchumi ukadorora wakabaki bila ajira. Hata hivyo mji ulikuwa na midomo iliyokubalika. Joseph Kasavubu wa chama cha ABAKO alikuwa amechaguliwa meya wa wilaya mojawapo ya mji. Tarehe 28 Desemba 1958 Patrice Lumumba, mwanasiasa wa chama kingine, akitokea Accra, aliruhusiwa kufanya mkutano wa hadhara, ukapita kwa amani. Wiki moja baadaye, Jumapili tarehe 4 Januari 1959, ABAKO wakanyimwa ruhusa ya mkutano wao, wakati watu walikuwa wamekwisha kufika. Kasavubu aliwaomba waondoke. Saa hizo hizo maelfu ya washabiki wa mpira walikuwa wakitoka uwanjani, timu yao ya Vita imeshindwa, na makundi mawili yakakutana njiani. Maduka ya Wareno yakaporwa, misheni na shule zikashambuliwa, jeshi likaitwa. Hesabu rasmi ya Waafrika waliouawa ilikuwa 49, na wengi wameamini kwamba walikuwa zaidi.

Mtu anaweza kusema kilichowasha moto ni mpira. Sikubali. Timu hufungwa kila Jumapili, na washabiki wenye hasira hurudi nyumbani wakigombana njiani bila mji kuungua. Siku ile walikuta mbele yao watu wenzao ambao mdomo wao ulikuwa umefungwa muda huo huo. Tena tazama dawa iliyotumika. Kasavubu alikamatwa, ABAKO kikapigwa marufuku, na vijana wasio na kazi wakakusanywa kwa maelfu wakarudishwa vijijini kwao. Walichopeleka huko ni hasira yao. Katika miezi iliyofuata watu wa Kongo ya Chini waliacha kulipa kodi na kutii maofisa, mpaka utawala wa Wabelgiji katika sehemu hizo ukabaki jina tu. Fujo za mtaa mmoja zilikuwa zimesafirishwa kwa gharama ya serikali yenyewe hadi kuwa uasi wa mkoa.

Sasa linganisha na Mombasa. Mwaka 1939 makuli na vibarua waligoma, tume ikaundwa, ikaandika wazi kuwa nyumba ni ghali na ujira hautoshi, na marekebisho yaliyofanyika yakawa madogo kupita kiasi. Kwa hiyo Januari 1947 waligoma watu wapatao 15,000, bandarini, kwenye reli, mahotelini na majumbani, kwa karibu wiki mbili. Hapa zilikuwapo sababu zote za mji kuungua: njaa, vita vilivyokwisha karibuni, bei zisizoshikika, na umati mkubwa kuliko ule wa Nairobi. Haukuungua. Wagomaji walikuwa na uwanja wao wa kukutania kila siku katika mtaa wa Majengo, walikuwa na chama chao, na viongozi wao walisikilizwa. Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria, alikwenda kuzungumza nao, wakarudi kazini kwa ahadi ya baraza la usuluhishi, na nyongeza ya ujira ikatolewa. Watu wale wale wa pwani na bara, serikali ile ile ya kikoloni. Kilichotofautiana ni kwamba palikuwa na mtu wa kusema naye, na alichoahidi kilitimizwa kwa kiasi cha kuonekana. Jambo la kusikitisha ni kwamba miezi michache baadaye serikali ilimkamata Chege Kibachia, kiongozi wa wafanyakazi hao, ikampeleka kizuizini bara, kana kwamba Nairobi ya 1922 haikuwahi kutokea.

Kuna pingamizi moja linalonisumbua kuliko mengine: kwamba jamii ikitoa haki baada ya ghasia, inawafundisha watu kwamba ghasia zinalipa. Hofu hiyo ni ya kweli. Muda si mrefu baada ya risasi za Nairobi kodi ilishushwa mpaka shilingi 12, na kila mwenye akili aliweza kupiga hesabu: simu ya maandishi kwenda London haikupunguza hata senti, maiti 21 zilipunguza shilingi nne. Lakini aliyefundisha somo hilo ni nani? Shilingi nne zilizotolewa baada ya maziko zingeweza kutolewa mwaka 1921, siku malalamiko yalipofika yakiwa yameandikwa kwa adabu. Kukataa kurekebisha jambo la haki kwa kuwa limedaiwa kwa fujo ni kuongeza dhuluma ya pili juu ya ya kwanza. Njia ya kuzuia somo lile ni kujibu barua kabla ya jiwe, na kujibu kwa tarehe na kiasi, kwa kuwa ahadi isiyo na siku watu huijua.

Wala sisemi anayechoma duka asiguswe. Mwenye duka la Léopoldville aliyepoteza bidhaa zake hakutunga sheria za koloni, na jamii inayomwacha bila fidia inamfundisha naye chuki ya jirani. Anayeua au kupora ahukumiwe mahakamani, kwa jina lake na kwa ushahidi juu yake yeye. Ninachokataa ni kuadhibu mtaa, kabila au rika zima la vijana kwa kosa la wachache, na kumchukua anayewasemea watu kabla hajafikishwa mbele ya hakimu. Thuku hakushtakiwa katika mahakama yoyote kwa yale ya Machi 1922. Alipelekwa Kismayu akakaa uhamishoni karibu miaka tisa. Kipande kiliendelea kuning'inia shingoni mwa watu mpaka mwishoni mwa miaka ya 1940.