Hesabu Inayokomea Miaka 49: Ukomo wa Hedhi katika Historia ya Tiba Nchini Uganda

Shangazi yangu ana umri wa miaka 48 na huuza nyanya na vitunguu kando ya barabara hapa Kyebando. Mwaka jana alianza kushikwa na kizunguzungu, kile ambacho Waganda hukiita kantoolooze. Akiinama kupanga mafungu ya nyanya kisha akiinuka, aliona barabara inazunguka. Usiku aliamka shuka zimelowa jasho na moyo unamwenda mbio. Katika zahanati moja ya mtaani alipewa dawa ya malaria mara tatu bila kupimwa damu. Baadaye akaambiwa ni presha, ingawa kipimo hakikuonyesha hivyo. Miezi mitano ilipita kabla ya jirani yetu, mkunga mstaafu, kumuuliza swali ambalo hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza: "Mara ya mwisho uliziona siku zako lini?"

Insha hii inachunguza kwa nini swali hilo lilichelewa. Hoja yangu ni kwamba uzembe wa mhudumu mmoja hautoshi kueleza jambo hili. Tangu mwanzo wake, tiba ya kisasa nchini Uganda ilimwandika mwanamke katika madaftari kama mzazi. Alipoacha kuzaa, nayo ikaacha kumwandika.

Kwanza ni vyema kueleza jambo lenyewe. Wanawake wengi hukoma kupata hedhi kati ya miaka 45 na 55, na huhesabiwa kuwa wamekoma baada ya miezi 12 mfululizo bila hedhi. Katika miaka inayotangulia, homoni ya estrojeni hupanda na kushuka bila mpangilio. Hapo ndipo hutokea joto la ghafla, jasho la usiku, kukosa usingizi, mapigo ya moyo kwenda mbio na, kwa baadhi yao, kizunguzungu. Katika miaka hiyohiyo hedhi inaweza kuwa nzito kupita kawaida na kumpunguzia mwanamke damu, na upungufu wa damu nao huleta kizunguzungu. Bila shaka kizunguzungu kina sababu nyingine pia, kama vile shinikizo la damu, kisukari na magonjwa ya sikio. Kwa hiyo kumpima shangazi presha hakukuwa kosa. Kosa lilikuwa kuishia hapo.

Tukirudi nyuma, tunaona kwamba hospitali ya Mengo ilianzishwa mwaka 1897 na daktari mmisionari Albert Cook. Miaka michache baadaye ugonjwa wa malale uliua zaidi ya watu 200,000 katika maeneo ya Ziwa Viktoria, hasa Busoga na Buganda. Mwaka 1908 Kanali Lambkin, daktari wa jeshi la Uingereza, alitoa taarifa iliyodai kwamba kaswende ilikuwa imeenea mno nchini. Wanahistoria wa baadaye wametilia shaka madai hayo, lakini wakati ule yaliwatia hofu watawala, wamisionari na machifu kwamba watu wa Uganda wangekwisha. Mulago, iliyo kilima jirani na sisi wa Kyebando, ilianza mwaka 1913 kama kituo cha kutibu magonjwa ya zinaa. Karibu na mwisho wa muongo huo, Katharine Cook, mke wa Albert, alianzisha huko Mengo shule ya kufundisha wakunga.

Ukitazama mambo hayo kwa pamoja, utaona kwamba yana lengo moja, yaani kuongeza idadi ya watoto wanaozaliwa na kuishi. Lengo hilo lilikuwa jema, na wakunga wale waliokoa maisha ya wengi. Lakini lilijenga namna ya kumtazama mwanamke. Mjamzito alikuwa na daftari lake, aliyejifungua alikuwa na lake, na mtoto alikuwa na lake. Mwanamke wa miaka 50 alionekana pale tu alipougua ugonjwa ambao hata mwanamume angeugua. Jirani yetu mkunga aliniambia kwamba katika miaka yake yote ya kazi aliandika majina ya wajawazito wasiohesabika, lakini hakumbuki hata safu moja ya daftari iliyouliza kuhusu kukoma hedhi.

Baada ya uhuru wa mwaka 1962 mtazamo huo haukubadilika sana. Mfano ulio wazi zaidi ni Utafiti wa Kidemografia na Afya, ambao ulifanyika Uganda kwa mara ya kwanza mwaka 1988 hadi 1989 na umerudiwa mara kadhaa tangu wakati huo. Utafiti huu huwahoji wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49. Ni kweli kwamba ripoti zake huwa na jedwali kuhusu ukomo wa hedhi kwa wanawake wa miaka 30 hadi 49. Hata hivyo, jedwali hilo limo katika sura ya uzazi. Linatueleza ni nani hawezi tena kuzaa, wala halisemi ni nani anayeshindwa kulala. Mwanamke anapofikisha miaka 50, katika kipindi kilekile anachohitaji kuulizwa, anatoka katika hesabu.

Wapo wanaosema kwamba jambo hili halikuandikwa kwa sababu zamani wanawake wetu hawakufika umri huo. Wanatumia takwimu za sensa, ambazo zinaonyesha kwamba wastani wa umri wa kuishi ulikuwa miaka 48.1 mwaka 1991, 50.4 mwaka 2002 na 63.3 mwaka 2014. Hoja hii inavutia, lakini haisimami. Wastani huo huhesabiwa tangu kuzaliwa, na vifo vya watoto wachanga huushusha sana. Mwaka 1991, katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 122 walifariki kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Msichana aliyevuka utoto alikuwa na nafasi nzuri ya kuwa bibi. Kama wanawake hawakufika miaka 50, hao majjajja waliotulea sisi na wazazi wetu walitoka wapi?

Wengine husema kwamba maarifa haya hayakupotea, ila yalikuwa mikononi mwa wanawake wenyewe. Katika Buganda, ssenga, yaani shangazi, ndiye aliyemfundisha binti mambo ya mwili na ndoa. Nakubali kwamba hoja hii ina uzito, lakini mafunzo ya ssenga yalielekezwa zaidi kwenye mlango wa kuingilia ndoa kuliko miaka ya baadaye. Hata lugha inaficha. Kwa Kiganda, kupata hedhi ni "okugenda mu nsonga", na neno nsonga lina maana ya jambo au sababu. Anayejua hujua, na asiyejua hupita. Aidha, mafunzo hayo yalihitaji watu kuishi karibu. Hapa Kyebando, familia nyingi zinaishi katika mizigo, yaani vyumba vya kupanga, na kila moja imetoka wilaya yake. Shangazi yangu mwenyewe, ambaye kwa desturi ndiye ssenga wangu, hakuwa na mtu wa kumuuliza.

Inafaa pia kulinganisha na nchi nyingine. Daktari Mfaransa Charles de Gardanne ndiye aliyeupa ukomo wa hedhi jina la kitabibu linalotumika hadi leo, mwaka 1821. Mwaka 1929 wanasayansi walifaulu kutenga estroni, mojawapo ya homoni za jamii ya estrojeni, na mwaka 1942 dawa ya Premarin, iliyotokana na mkojo wa farasi wenye mimba, iliidhinishwa Marekani. Mwaka 1966 daktari Robert Wilson alichapisha kitabu kilichoeleza ukomo wa hedhi kama ugonjwa wa upungufu unaopaswa kutibiwa kwa homoni. Mamilioni ya wanawake walizitumia, hadi mwaka 2002 utafiti mkubwa wa Marekani uliposimamisha sehemu yake moja kwa sababu mchanganyiko wa homoni ulionekana kuongeza hatari ya saratani ya matiti na kiharusi. Tangu hapo ushauri umekuwa wa kupima faida na hatari kwa kila mwanamke, kulingana na umri na afya yake. Kwa hiyo kule mwanamke mzima aliambiwa kwamba ni mgonjwa. Huku hakuambiwa chochote. Makosa haya mawili yanafanana katika jambo moja, kwamba mwanamke mwenyewe hakuulizwa anajisikiaje.

Mwaka 2018 ilifunguliwa Mulago hospitali maalumu ya wanawake na watoto wachanga yenye vitanda 450. Ni hatua kubwa, na huduma zake hazikomei uzazi. Lakini hata jina lake linaturudisha katika historia tuliyoieleza, maana mwanamke bado ametajwa pamoja na mtoto mchanga.

Kwa kuhitimisha, shangazi alimjibu mkunga kwamba alikaa miezi mitatu bila kuona siku zake, kisha akatokwa damu siku kumi. Alipelekwa kupimwa, akakutwa na upungufu wa damu. Alipewa vidonge vya madini ya chuma, na kizunguzungu kimepungua sana. Jasho la usiku bado linamjia, lakini haliogopi tena kama alivyoliogopa. Swali moja lilitosha kuanza. Sisi wanafunzi wa historia tunaambiwa kwamba pasipo na hati hapana historia, ilhali hati za jambo hili zinatembea mitaani na kuuza nyanya. Tukawaulize sasa, kabla hawajaondoka na majibu yao.