Kamusi ya Cab Calloway na Asili ya Hipsta

Mjadala kuhusu hipsta wa Marekani huanzia mara nyingi katika insha ya Norman Mailer ya mwaka 1957, iliyomsawiri kijana Mzungu anayeiga maisha ya Weusi wa mijini. Mwanzo huo umechelewa. Mwaka 1938 Cab Calloway, kiongozi wa bendi ya jazi, alichapisha kamusi ya misimu ya Harlem. Mjuzi wake aliitwa bado hepsta. Hadhi ya mjuzi huyo ilitokana na kuielewa lugha kabla ya wengine, nayo kamusi ikaifanya mali ya yeyote ajuaye kusoma. Kudai kwamba Wazungu peke yao waliueneza utamaduni huo ni kumsahau Calloway, ambaye riziki yake ilitegemea pia wateja Wazungu wa Cotton Club, ukumbi uliowaajiri Weusi jukwaani na kuwakataa mezani.