Kumuse na Dakika Saba

Mzee wa Kibukusu akiisha kuzikwa, na ikiwa alikuwa mtu wa heshima, mwenye wajukuu na jina lililovuka mipaka ya ukoo wake, watu hurudi bomani kwake siku chache baada ya mazishi ili wasikilize. Kilio kimeshapita. Wanaketi chini kuuzunguka uwanja, asubuhi, kisha mtu mmoja aliyevaa ngozi na kushika fimbo anaingia katikati. Huyo ndiye omuswala kumuse, yaani mnenaji wa hotuba hii iitwayo kumuse. Atatembea huku na huko, atanena, atanyamaza, atatembea tena, na maneno yake yanaweza kuchukua saa nyingi. Muda wote huo haifai mtu kuinuka ovyo wala kumkatiza njia.

Kando ya uwanja huo tuweke chumba cha klabu ya kuzungumza hadharani, ya namna ya Toastmasters, ambayo imepata wapenzi miongoni mwa wafanyakazi na wafanyabiashara wa miji ya Kenya. Hapa mnenaji ana dakika tano hadi saba. Ya tano ikitimia taa ya kijani inawaka, ya sita ya njano, ya saba nyekundu, na kwenye mashindano akizidisha nusu dakika juu ya hizo saba ameondolewa. Yuko aliyepewa kazi ya kuhesabu kila "aa" na kila "mm" inayomtoka. Yuko anayechunga lugha. Mwingine atasimama baadaye kwa dakika mbili au tatu kumweleza, mbele ya wote, alichofanya vizuri na anachopaswa kurekebisha. Na katikati ya kikao mtu anaweza kuitwa jina ghafla, apewe swali asilolijua, azungumze papo hapo kwa dakika moja au mbili.

Ni rahisi kuzitofautisha sanaa hizi mbili kwa umri: ile ya kale, hii ya kisasa, ile ya kijijini, hii ya mjini. Naona kipimo hicho hakitufikishi mbali. Tofauti yenye uzito iko mahali pengine, katika swali ambalo kila msikilizaji hujiuliza kimoyomoyo mtu anapoinuka mbele yake: huyu amepata wapi haki ya kusimama hapo? Bungoma, kwao Wabukusu, ina jibu lake, na mji wa Kitale, kwa jinsi ulivyoundwa, umelazimika kutafuta jingine.

Katika kumuse haki hiyo hutangulia maneno. Kazi hii hurithiwa. Huaminiwa kuwa ni wito unaoshuka kutoka kwa waliotangulia, na asiyeitwa akijitia humo anajitafutia balaa. Mwenye wito hukaa miaka mingi akisikiliza kabla ya kusikilizwa. Anachobeba ni kizito. Inampasa ajue asili ya Babukusu na safari zao, hadi Embayi na kwingineko; ajue koo na matawi yake, nani kaoa wapi, ukoo upi ulipatana na upi baada ya ugomvi gani; ajue manabii, Mutonyi wa Bukelembe na Maina wa Nalukale, hadi Elijah Masinde wa Dini ya Msambwa, ambaye serikali ya kikoloni ilimkamata mwaka 1948 na kumweka mbali na kwao kwa miaka mingi. Juu ya hayo yote humwekea marehemu mahali pake, kisha huwageukia walio hai: anaonya, anapatanisha, anawakumbusha wenye mali kwamba mali ina wenyewe wengine. Miongoni mwa Waluhya, ambao Wabukusu ni sehemu yao, siku zinazofuata mazishi ndizo za kunyoa nywele, za kudaiana madeni na za kuuzungumzia urithi. Kwa hiyo maneno ya kumuse huangukia watu ambao muda si mrefu watagawana shamba. Akikosea jina la ukoo, wapo wazee wanaojua, na kosa hilo litamfuata.

Jina lililotajwa kuliko yote katika sanaa hii kwa kizazi chetu ni la John Wanyonyi Manguliechi. Hotuba zake zilirekodiwa, zikafikia masikio ya watu ambao hawakuwahi kuketi kwenye uwanja wowote wa kumuse, na wasomi wa vyuo vikuu wakazichambua, wakiwemo waliomhoji vikali kuhusu namna anavyomsawiri mwanamke. Uhakiki huo ni wa haki. Lakini hata anayemkosoa hukubali kwamba mtu yule alijua mambo. Ukimsikiliza unatambua kwamba ufasaha wake umesimama juu ya ghala la maarifa.

Quintilian, mwalimu wa ufasaha aliyeishi Roma katika karne ya kwanza, alishikilia kwamba msemaji kamili lazima kwanza awe mtu mwema; ufundi wa ulimi uje baada ya hapo. Mwalimu huyo angehisi yuko nyumbani Bungoma upesi kuliko katika klabu nyingi zinazodai kurithi sanaa ya Warumi na Wagiriki. Klabu haimuulizi mtu mwenendo wake wala ukoo wake. Inamuuliza kama yuko tayari kujifunza.

Na huo ndio utukufu wa klabu. Nisingependa mtu asome hapa kwamba naubeza. Ralph Smedley alikuwa mfanyakazi wa YMCA, kwanza Bloomington, Illinois, ambako mwaka 1905 aliwaanzishia vijana mikutano ya kujizoeza kusema, kisha Santa Ana, California, ambako klabu iliyozaa harakati nzima ilikutana tarehe 22 Oktoba 1924. Aliona kwamba vijana waliomzunguka hawakujua kusimama wakasema walilo nalo, wala kuendesha mkutano. Dawa yake ilikuwa nyepesi: wasemeshane kwa zamu, wakosoane kwa upole, warudie wiki ijayo. Hakutaka nasaba wala ndoto ya mababu. Hata hivyo mlango huo haukuwa wazi kwa kila mtu tangu mwanzo. Wanawake walikubaliwa rasmi mwaka 1973, karibu nusu karne baadaye.

Fikiria maana ya mlango huo kwa msichana aliyekulia Kimilili, huko huko Bungoma. Kwenye matanga amesikia wanawake wakimlilia marehemu kwa nyimbo zenye historia na mashtaka ndani yake, tena nyimbo zilizotungwa kwa ustadi mkubwa, lakini siku ya kumuse atakuwa miongoni mwa waliokaa. Kumuse ni ya mwanamume, na kwa kawaida hunenwa kwa ajili ya mwanamume. Hata awe na kumbukumbu kama ya Manguliechi, uwanja si wake. Siku atakayoingia katika klabu atakuta jina lake kwenye ratiba, na hakuna atakayemuuliza ni binti wa nani. Hili ni jambo kubwa. Anayeisifu mila bila kulikabili hajaitendea haki mila yenyewe.

Ila klabu ina udhaifu unaotokana na huo huo ukarimu wake. Kwa kuwa mnenaji hakuulizwa anajua nini, mara nyingi hujikuta akizungumza kuhusu kitu kimoja tu anachokijua bila kupingwa, yaani nafsi yake. Hotuba ya kwanza ya mwanachama mpya hutakiwa kuwa ya kujitambulisha, na hiyo ni sawa. Shida ni pale mtu anapobaki hapo hotuba baada ya hotuba: nilianguka, nikalia, nikainuka, nanyi mnaweza. Hata kwenye mashindano ya dunia ya jumuiya hiyo mtindo huu umezoeleka mno. Omuswala kumuse, kwa upande wake, anaweza kunena asubuhi nzima na asijitaje ila kama shahidi wa jambo. Mtu anayezikwa ni mmoja, lakini hotuba ni ya wote waliomzaa na wote aliowazaa. Nadhani hapa ndipo klabu ina la kujifunza, tena kabla ya kuiga fimbo, vazi au mwendo wa uwanjani. Dakika saba zinatosha kueleza kwa nini bei ya mahindi hushuka Trans Nzoia wakati wa mavuno na kupanda ghala likiwa tupu, au jinsi kiwanda cha karatasi cha Webuye kilivyokuwa uti wa mgongo wa mji na kilichotokea kilipofungwa. Hotuba ya namna hiyo humlazimu mtu kuuliza, kusoma, kuhesabu na kuwatafuta walioyaona.

Tukija kwa msikilizaji, mambo yanapinduka. Kumuse inamdai mengi: aketi, anyamaze, avumilie jua. Wapo wenye kanuni kama hiyo mjini Bungoma kwenyewe, kila Ijumaa msikitini, ambako khatibu akianza khutba anayemsemesha jirani yake ameharibu, na khatibu huketi kidogo kati ya khutba mbili huku watu wametulia. Katika mila hizi mbili kusikiliza ni wajibu, na uzito wa neno hutokana kwa sehemu na kimya cha waliokaa. Klabu pia inajua kusikiliza, bali kwa namna nyingine kabisa: inamsikiliza mnenaji kama fundi anavyosikiliza injini. Mkono ulikuwa mfukoni. Sauti ilishuka mwishoni. "Yaani" zilikuwa nane. Ni usikilizaji wenye faida, na sijui shule nyingine inayomfundisha kijana kukosolewa mbele ya watu bila kuvunjika moyo. Lakini mtathmini anaweza kusema dakika tatu nzima kuhusu hotuba iliyodai jambo la uongo asigusie kwamba ni la uongo. Amepewa kutathmini unenaji. Mzee wa Kibukusu aliyekaa chini kando ya uwanja anafanya kinyume: hajali mkono ulikuwa wapi, ila ukoo ukitajwa vibaya atanung'unika hadi jirani asikie.

Kuhusu kimya nitasema kwa ufupi. Klabu imewatibu wengi "mm" na "aa" zao kwa kuwahimiza wanyamaze badala ya kujaza nafasi. Omuswala kumuse hufika hapo hapo kwa kutembea. Anamaliza jambo, anapiga hatua kuvuka uwanja, na watu wanabaki na neno la mwisho mpaka ageuke. Hilo lingemfaa mwanaklabu yeyote, kama si ile taa ya njano.

Kutoka Bungoma, ukipanda matatu Kanduyi kupitia Webuye, Misikhu, Kamukuywa na Kiminini, unafika Kitale, na njiani hadhira imebadilika. Kumuse hutegemea watu wanaoijua lugha moja na ambao majina ya koo yanapotajwa kila mmoja anajua aketi upande gani. Kitale ni mji uliokua kwa mashamba ya walowezi na kwa reli iliyofika mwaka 1926, na baada ya uhuru mashamba yale yakagawanywa na kununuliwa na watu kutoka kila upande: Wabukusu, Wasabaot, Wanandi, Wakikuyu, Wateso, Waturkana na Wapokot; nao Wahindi walikuwa na maduka yao mjini tangu zamani. Hapo ukisema "sisi" ni lazima kwanza uonyeshe ni sisi gani. Ndiyo maana naiona klabu kuwa sanaa ya mji wa aina hiyo. Inamzoeza mtu kuwasemesha wasiomdai lolote na wasiomjua baba yake.

Mtu aliyezimudu hadhira zote mbili alikuwa Michael Kijana Wamalwa. Alizaliwa mwaka 1944 karibu na Kimilili, akasomea sheria Cambridge, akafundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, akaingia bungeni mwaka 1979 kwa Kitale Magharibi, akawa Makamu wa Rais mwaka 2003 na kufariki London Agosti mwaka huo huo. Wakenya wengi wanakumbuka Kiingereza chake cha madaha. Mimi nadhani nguvu yake ilikuwa kwamba alitoka kwa watu ambao kwao hotuba ni kazi ya heshima, akaenda kujifunza hoja za mahakamani na za mdahalo wa Uingereza, na aliporudi hakuiacha mila ile ya kwanza. Utani wake ulikuwa na mahali ulikotoka. Klabu haiwezi kumpa mtu mahali pa kutoka. Inaweza kumtaka arudi akapatafute.

Shule zetu zilijaribu kitu cha katikati, ule mdahalo wa Ijumaa jioni wenye mwenyekiti, mtunza wakati, watetezi na wapinzani wa hoja. Uliwafundisha wengi kupinga. Matanga ya siku hizi, kwa bahati mbaya, yamewaachia maikrofoni MC na wanasiasa, na jamaa aliyemjua marehemu hupewa dakika mbili huku mheshimiwa akijinyakulia arobaini. Ratiba ya aina hiyo haina uvumilivu wa kumuse wala nidhamu ya taa nyekundu.

Kuna kazi moja ambayo hakuna upande ulioishika. Mlowezi Hugh Stoneham alikusanya wadudu, ndege, wanyama na vitabu, akaanzisha makumbusho yake binafsi mwaka 1926, na mkusanyo wake ndio uliokuwa msingi wa makumbusho yaliyofunguliwa mjini Kitale mwaka 1974. Nani amekusanya nasaba ya mji wenyewe? Vibarua waliolima mashamba yale walitoka wapi, walilala wapi, nani alinunua ekari zipi na kwa mkopo gani, jirani gani alimficha nani miaka ya vurugu: hayo yako katika vichwa vya wazee wa lugha saba au nane, na wazee wanaondoka. Kumuse ya Kibukusu haitayasema, kwa kuwa ni ya Babukusu. Mwanaklabu angeweza. Ana Kiswahili kinachosikika na wote, amezoea hadhira ya wageni, na awe mwanamke au mwanamume jina lake linaingia kwenye ratiba. Atahitaji miezi ya kukaa chini akisikiliza kabla ya kuinuka, na siku atakapoinuka klabu yake italazimika kuamua kama mtunza wakati aizime ile taa.